Godoro linakusumbua? Soma dalili kabla ya kutoa hela

Malalamiko kuhusu magodoro yanafanana: limebonyea, linaumiza mgongo, lina joto, linapiga kelele. Sababu zake hazifanani hata kidogo, na nyingine hazihusu godoro lenyewe. Mtu ananunua jipya, baada ya miezi sita bonde liko palepale, kumbe chaga ya katikati ilikuwa imepasuka siku zote.

Kwa hiyo anza na kipimo hiki. Shusha godoro, lilaze sakafuni mahali tambarare juu ya mkeka au shuka safi, ulilalie siku mbili tatu. Tatizo likiisha, mwenye makosa ni kitanda. Likibaki, ni godoro. Na kama linakufuata hata ukilala kwenye godoro lingine zuri, chunguza mto wako, kisha afya yako.

Limebonyea katikati

Toa shuka na kila kilicho juu. Weka ubao mwembamba ulionyooka, au kaza kamba, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila mtu yeyote kulala. Pima kwa rula kutoka kwenye ubao hadi sehemu ya chini kabisa ya bonde. Sentimita 1 au 2 si ugonjwa: pamba na sponji ya juu hujilaza kufuata mwili. Ikifika 3 au 4, godoro limechoka. Kumbuka kwamba hapo hakuna mtu juu yake. Ukilala, kiuno kinazama zaidi ya hapo.

Sasa kagua kitanda. Piga magoti, weka jicho usawa wa chaga, utaiona iliyopinda. Bonyeza kila moja kwa kiganja. Inayocheza au kulia imelegea au ina ufa. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, hasa kwa godoro la sponji, maana sponji husukumwa polepole kwenye mianya na mistari hiyo haitoki tena. Kitanda cha watu wawili kinahitaji mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Mguu ulioning'inia hata nusu sentimita haubebi kitu, na hilo ndilo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote. Weka kipande cha mbao chini yake ukazie.

Plaiwudi ya milimita 12 juu ya chaga inasaidia pale nafasi zilipo kubwa, ila itoboe matundu ili hewa ipite. Haitafufua godoro lililokufa. Itazuia tu jipya lisiharibike.

Kama kitanda ni kizima, tatizo liko kwenye sponji au springi, na hapa ndipo hela nyingi hupotea bila mnunuzi kujua. Watu wengi hupima ubora wa sponji kwa ugumu: wanaligonga godoro, wanasema hili gumu, litadumu. Ugumu na uimara ni vitu viwili tofauti. Kiwandani sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, nayo nzito ikawa laini. Kinachoamua maisha ya sponji ni densiti yake, yaani mita moja ya ujazo ina kilo ngapi. Sponji nyepesi ni hewa nyingi na kuta nyembamba. Kuta hizo zikikunjwa kila usiku zinavunjika, na ile sehemu ya kiuno inayobeba uzito mkubwa ndiyo inayotangulia kulala.

Kwa sponji ya kawaida, densiti ya chini ya kilo 18 inafaa kitanda cha wageni au mtoto mdogo. Kilo 20 hadi 25 humfaa mtu mzima mwepesi kwa miaka michache. Anayelala kila siku, hasa mwenye kilo 80 na kuendelea, atafute 28 hadi 35. Memori fomu, ile inayoacha alama ya kiganja kisha kujaa taratibu, ni nzito zaidi kwa asili yake: chini ya kilo 50 usiitegemee kwa miaka mingi.

Muuzaji akikosa namba hiyo, itafute mwenyewe kwa mzani. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa mita. Godoro la sentimita 190 kwa 150 lenye unene wa sentimita 20 lina ujazo wa mita za ujazo 0.57. Sponji ya densiti 16 itakuwa na kilo 9 hivi. Ya 25 itafika kilo 14. Ya 32 itafika 18. Toa kilo moja au mbili za kava na pamba, kisha gawanya kilo zilizobaki kwa ujazo. Godoro la ukubwa huo linaloitwa la densiti kubwa, halafu mtu mmoja analibeba kichwani huku anapiga simu, limejieleza lenyewe.

Kuna mtego mmoja kwenye mzani. Baadhi ya sponji huongezwa unga wa chokaa wakati wa kutengenezwa ili ziwe nzito bila kuwa imara. Kama kava lina zipu, fungua, sugua sponji kwa vidole: ikiacha vumbi, iache dukani. Kisha didimiza ngumi hadi nusu ya unene, hesabu sekunde 30, achia. Sponji nzuri ya kawaida hurudi papo hapo; inayojivuta, nayo si memori fomu, itabaki na bonde mapema.

Sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ile yenye madoadoa ya rangi nyingi, isipimwe kwa vigezo hivi. Densiti yake hupita kilo 80 kirahisi, lakini uzito huo ni wa mabaki na gundi. Ni ngumu na haibonyei upesi. Inafaa kuwa tabaka la chini. Ikiwa peke yake, mabega yatakuambia.

Kwa godoro la springi, lalia tumbo, pitisha kiganja polepole kutoka kichwani hadi miguuni ukibonyeza. Mahali mkono unapodumbukia ghafla kuna springi iliyolegea au waya uliokatika. Unaposikia ncha inachoma, usipoteze muda na viraka. Waya huo utatoboa tena. Mara nyingi, hata hivyo, springi huwa nzima na kilichokufa ni sponji nyembamba ya juu yake. Ndiyo maana godoro la springi linalosifiwa kwa idadi ya springi, huku sponji ya juu ikiwa nyepesi, hubonyea kama la sponji tupu.

Unaamka mgongo unauma

Saa ndiyo kipimo cha kwanza. Maumivu yanayokuwepo asubuhi na kuisha ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya kuamka na kutembea yanaelekeza kwenye godoro au mto. Yanayodumu mchana kutwa, yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi, au yanayoambatana na homa, ni ya daktari, na hakuna godoro litakaloyamaliza.

Imani kwamba mgongo mbovu unataka godoro gumu kama ubao imewagharimu wengi. Mwaka 2003 watafiti nchini Uhispania walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwagawa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno katika makundi mawili: wa kwanza walilalia godoro gumu, wa pili la ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wa godoro la wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Kwa hiyo neno "othopedi" kwenye lebo lisikutishe wala kukuvuta. Mtengenezaji yeyote anaweza kuliandika, na mara nyingi maana yake ni "gumu" tu.

Kujua upande uliokosewa, lala chali, mtu mwingine ajaribu kupitisha kiganja kati ya kiuno chako na godoro. Kikipita bila kugusa chochote, pana uwazi: godoro ni gumu mno, kiuno kinaning'inia na misuli inakibeba usiku kucha. Kisipopita kabisa, nawe unaona makalio yako chini kuliko kifua, ni laini mno au limebonyea. Kikipita kwa kusukumwa kidogo, ugumu unakufaa. Kisha lala ubavu, mwenzako akutazame kwa nyuma au akupige picha. Uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni uwe mstari mmoja sambamba na kitanda. Ukipinda kwenda chini kiunoni, godoro ni laini. Bega likibaki juu na shingo ikipinda, ni gumu au mto ni mfupi.

Godoro gumu lina dawa nyepesi: tandiko la juu la sentimita 5, la memori fomu au mpira wa asili. Laini halina. Kuweka tandiko gumu juu ya godoro linalozama ni kufunika shimo kwa shuka.

Bega au nyonga inakufa ganzi

Hii ni ya wanaolala ubavu. Mwili wote unakaa juu ya sehemu mbili ndogo, bega na nyonga, na tabaka la juu likiwa gumu damu haipiti vizuri. Mwepesi, chini ya kilo 60, huumizwa hata na godoro analoliita la wastani mtu wa kilo 90, kwa sababu uzito wake hautoshi kulibonyeza. Ndiyo sababu ushauri wa "nunua kama la kwangu" hauna maana.

Kinyume chake pia hutokea: godoro laini, mtu mzito, bega linapita tabaka laini lote na kugonga chini. Sponji nzuri hukubali mwanzoni kisha inakaza kadiri unavyoizamia. Maabara hupima nguvu inayotakiwa kuibonyeza robo ya unene, kisha asilimia 65, na kugawanya ya pili kwa ya kwanza. Jibu likiwa chini ya 2, utagonga chini, likikaribia 2.5 au kupita, itakubeba. Dukani tumia goti: weka goti moja katikati ya godoro, hamishia uzito wako wote hapo. Ukihisi ubao wa chini, hilo si lako.

Kama ganzi ni ya mkono tu, jaribu kwanza kubadilisha mto. Anayelala ubavu anahitaji mto unaojaza nafasi yote kati ya sikio na bega.

Joto na jasho

Angalia kwanza kama nailoni ya kiwandani bado iko. Wengi huiacha ili godoro lisichafuke. Inanasa jasho, linanukia, na ukungu unaanzia humo. Itoe yote. Kava la plastiki la kuzuia mkojo wa mtoto nalo lina tabia hiyo hiyo. Tafuta la kitambaa lenye utando mwembamba ndani, unaozuia maji lakini unapitisha mvuke.

Baada ya hapo, aina ya godoro. Memori fomu hulainika kwa joto la mwili, inakukumbatia, na hewa inakosa pa kupita. Springi hupitisha hewa kuliko zote, mpira wa asili wenye vitundu unafuata. Jeli ya kupoza inayosifiwa huleta ubaridi wa dakika za mwanzo tu, kisha inalingana na joto lako. Shuka ya pamba na chaga zenye nafasi chini badala ya ubao mzima vitakusaidia zaidi, na kwa gharama ndogo.

Mwenzako akigeuka, unaamka

Springi zilizofungwa pamoja kwa waya hutembeza mtikisiko kutoka ukingo hadi ukingo. Zilizoshonewa kila moja kwenye mfuko wake wa kitambaa hazifanyi hivyo, wala sponji. Dukani mtu mmoja alale, mwingine akae na kuinuka upande wa pili. Mkipishana uzito sana, magodoro mawili membamba ya ugumu tofauti kwenye kitanda kimoja, chini ya shuka moja, yanamaliza ugomvi.

Kelele

Shusha godoro, tingisha kitanda kitupu. Kikilia, kaza bolti na skrubu, weka vipande vya mpira au kitambaa kati ya chaga na fremu. Godoro lenyewe likilia sakafuni, springi zinasuguana na hakuna tiba.

Jipya linanuka, au halijajaa

Sponji mpya hutoa harufu ya kemikali kwa siku chache. Lisimamishe kwenye chumba chenye madirisha wazi kwa siku moja hadi tatu. Usilianike sponji tupu kwenye jua kali. Jua huigeuza njano na kuifanya imeguke kama unga. Harufu isiyopungua baada ya wiki mbili tatu ni sababu ya kulirudisha.

Godoro lililokuja limebanwa na kukunjwa linahitaji saa 24 hadi 72 kujaa, zaidi kukiwa na baridi. Pima pembe zote nne na katikati. Pembe iliyobaki pungufu kwa zaidi ya sentimita 1 baada ya siku tatu haitajaa tena. Uliza pia limekaa muda gani kwenye boksi, maana sponji iliyobanwa miezi mingi stoo hupoteza nguvu ya kurudi.

Madoa meusi upande wa chini

Ukungu. Kila usiku mwili hutoa unyevu; sehemu yake hushuka kwenye godoro, na likiwa sakafuni au juu ya ubao usio na matundu haupati pa kutokea. Liinue juu ya chaga, lisimamishe ubavu nusu siku kila mwezi. Madoa ya kwenye kava tu husafishika: fua, kausha kabisa. Yakiwa yameingia kwenye sponji, tupa, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu.

Unaamka unawashwa

Usiku washa tochi, pitisha kadi ngumu ndani ya mshono wa pembeni na chini ya lebo. Kunguni huacha vidoti vyeusi vinavyosambaa kama wino ukivipaka maji, maganda ya rangi ya kahawia hafifu, na vijidoa vya damu kwenye shuka. Usikimbilie kuchoma godoro: wengine wako kwenye viungo vya chaga, nyufa za ukuta na nyuma ya ubao wa kichwani, nao watahamia kwenye jipya wiki hiyo hiyo. Fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, tibu fremu na ukuta, na funga godoro kwenye kava maalumu la zipu lisilo na upenyo. Kava hilo likae mwaka mzima, kwa kuwa kunguni huishi miezi mingi bila kula.

Kama hakuna dalili hizo, na badala yake ni mafua ya asubuhi na macho kuwasha, shuku utitiri wa vumbi. Kufua shuka kila wiki kwa maji hayo ya moto na kutumia kava la kuzuia vumbi hufanya kazi zaidi ya kununua godoro jipya.

Ikibidi kununua

Gawanya bei kwa miaka, usitazame bei peke yake. Linalouzwa mara mbili ya lingine lakini likadumu miaka minane dhidi ya miwili ndilo la bei nafuu. Unene wa sentimita 15 ni wa chini kabisa kwa mtu mzima. Anayepita kilo 90 aanzie 20. Kupita 25 mara nyingi unalipia sponji laini ya kujaza, ambayo ndiyo hulala kwanza. Uliza tabaka ngapi, kila moja unene gani na densiti gani. Jibu la "ni imara sana" halijajibu.

Vua viatu, lala dakika 10 hadi 15 kwa mkao unaolala nao, si chali kwa heshima ya muuzaji. Kaa ukingoni pia: ukiteleza kwenda chini, ukingo utaporomoka ndani ya mwaka. Nyumbani lipe wiki tatu hadi nne kabla ya kulihukumu, kwa kuwa sponji mpya hulegea kidogo na mwili nao unalizoea. Ligeuze kichwani kuwe miguuni kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita. La tabaka upande mmoja usilipindue juu chini.

Waranti isome sentimita: mingi hutaja kina cha bonde, kwa kawaida 2.5 hadi 4, kinachopimwa bila mtu juu, na chini ya hapo hawakulipi. Doa moja la mkojo au chai linatosha kuifuta, vilevile kitanda kisicho na mhimili wa katikati. Weka kava siku ya kwanza, usikate lebo, piga picha chaga na risiti pamoja. Risiti hufifia, picha haififii.